Watu wa Kuvuta Boti na Watu wa Kwenda Mwezini

Mjukuu wangu anafundisha fizikia na hesabu sekondari, na siku aliyokuja na swali lake nilikuwa nimelala chali chini ya boti, napachika pamba kwenye mianya ya mbao. Shule yangu mimi iliishia darasa la tatu. Nikajua kusoma gazeti kwa kidole na kuandika jina langu, nikaenda kwenye randa. Kwa hiyo mtu akiniletea swali la darasani namwangalia mara mbili, kama ananitania.

Lakini nianze na boti. Bila boti nisingekuwa na la kujibu.

Ilikuwa ya mama mmoja wa Kagunga, mfanyabiashara wa dagaa na mawese. Alitaka boti ya mbao, ndefu, ya mashine mbili, ya kuvuka mpaka Kongo na kushuka kusini kwa safari moja bila kugusa kila kijiji. Kwa miaka ishirini hivi hakuna mtu aliyeniagiza boti ya ukubwa ule. Siku hizi wanataka ndogo ndogo, au wananunua za faiba, na mimi nilikuwa nimebaki kuziba matundu ya boti za wengine. Nikakubali siku hiyohiyo, hata bila kujiuliza kama bado naijua kazi.

Na kosa la kwanza nilifanya palepale. Ziwa Tanganyika lilikuwa limepanda miaka ile, limekula nyumba na migomba ya watu wa Ujiji walio karibu na maji, nikaogopa. Nikaulaza mkuku, ule uti wa mgongo wa boti, juu kabisa nyuma ya nyumba, mahali ambapo hakuna aliyewahi kujenga boti. Kisha ziwa likaanza kurudi nyuma taratibu. Boti ilipokamilika nilihesabu kwa miguu yangu, ikawa hatua mia tatu na kitu mpaka majini. Boti ya mbao ikikaa juani muda mrefu mbao zinaachana, na mtu unabaki na kuni zenye umbo zuri.

Kulikuwa na jambo jingine lililonisumbua zaidi ya jua. Nilikuwa na mafundi wawili, ndugu wa baba mmoja, watu wazima wenye watoto, ambao wazazi wao walitoka Burundi zamani wakahamia kwetu. Hao wawili ndio waliojifunza kwangu kukunja mbao za omo, yaani zile za mbele zinazoinuka na kukutana. Ukiniondoa mimi, upande wetu huu hakuna mwingine aliyekuwa anaijua kazi hiyo. Mkubwa wao alikuwa ameshaahidiwa bodaboda ya mkataba. Nilijua kwamba wasipoiona boti ile ikielea, wataondoka wote wawili, na kazi itaishia kwangu, na mimi magoti yangu yameshaanza kunisema.

Sasa turudi kwa mjukuu.

"Shikamoo babu," akasema, ameinama kunitafuta chini ya boti.

"Marahaba, mke wangu. Umekuja kunipikia au kunisahihisha?"

"Kupikiwa utapikiwa na bibi. Mimi nina swali la wanafunzi."

Wanafunzi walikuwa wamemuuliza hivi: watu walifika mwezini wakati babu zetu ni vijana, sasa mbona mpaka leo hawajafika Mirihi, na mbona hata mwezini kwenyewe waliacha? Inahitaji nini ili watu waende tena mbali hivyo, wao wenyewe kwa miguu yao? Alikuwa ameshazunguka kuuliza. Mkuu wa shule alimwambia ni fedha. Mwalimu mwenzake alisema mashine zinakwenda badala ya watu, hazili wala hazilii. Jirani yao mlokole alisema binadamu ameambiwa aitawale dunia, huko kwingine hakutajwa.

"Mimi naulizwa ya nini?" nikamwambia. "Sikuwapo."

"Ulikuwapo duniani."

Hilo ni kweli. Nilikuwa kijana, na habari tuliisikia kwenye redio ya dukani, Ujiji hapahapa. Nikamsimulia, na nyinyi nawasimulia, ingawa watu wa nyumbani kwetu hawapendi nisimulie.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Dagaa wa Tanganyika wanavuliwa kwa taa wakati wa giza, siku ambazo mwezi hauonekani. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote linang'aa, dagaa wanatawanyika, na wavuvi wanabaki nchi kavu kushona nyavu na kugombana na wake zao. Ndivyo ilivyo mpaka leo, ila taa zimebadilika. Baba aliposikia kwamba watu wamefika mwezini, aliacha kushona nyavu siku mbili. Siku ya tatu akawaambia wenzake, "Mtu akihamia mahali, kitu cha kwanza anawasha taa. Hawa wakiwasha taa kule juu, giza tutalipata wapi?" Akachukua karabai zake zote, taa nzuri za kupampu, akambadilishia mtu wa Kidahwe kwa baiskeli. Aliona anamwahi mwenzake kabla habari haijafika bara.

Giza lilipokuja, likaja lilelile. Baba akaenda kuvua kwenye chombo cha watu, kwa taa za watu, na wale watu hawakumwacha apumzike. Kila akivuta wavu mmoja anamuuliza, "Mzee, wamewasha?"

Mjukuu alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi na sketi yake ya kazini. Mimi zamani nilikuwa nacheka pia. Lakini nimefikiri sana, nikaona baba hakuwa mjinga kama walivyosema. Yeye alichukulia kwamba watu wakishafika mahali kwa shida kubwa namna ile, watakaa, au angalau watakuwa wanakwenda na kurudi kama tunavyokwenda Kongo. Hakuna aliyemwambia kwamba mtu anaweza kufika pale, akaokota mawe, akarudi nyumbani, akaacha.

"Kwa nini waliacha?" nikamuuliza mjukuu wangu mwalimu.

"Walikuwa wanashindana na Warusi, babu. Walipowashinda, hamu ikaisha."

Hapo mtani wangu akaingilia. Huyu ni nahodha mstaafu, hana kazi, anakuja kila asubuhi kukaa kwenye magogo yangu na kukosoa. "Kwanza hawakwenda," akasema. "Na kama walikwenda, ni kama mashindano ya mitumbwi ya sikukuu. Mshindi akishapewa mbuzi, nani atapiga kasia tena mpaka ng'ambo?"

"Sasa hawakwenda, au walikwenda wakapewa mbuzi?" nikamuuliza.

"Yote mawili," akasema, na akaomba chai.

Mwalimu akaeleza kwamba sasa wanasema wanarudi, wana roketi kubwa kuliko za zamani, ila kila wakitaja tarehe inasogea mbele. Mojawapo ya sababu alizozisoma ilinifanya nitoke chini ya boti. Alisema wale waliotengeneza vyombo vya kwanza, wengi walirudishwa nyumbani safari zilipokatishwa. Wengine wakafanya kazi nyingine, wengine wamekufa. Michoro ipo, imehifadhiwa vizuri, lakini michoro haisemi kila kitu ambacho mkono ulikuwa unafanya.

"Hilo nalijua," nikamwambia. "Hilo limenikuta hapahapa ulipokaa."

Ilikuwa hivi. Tulipofika kwenye mbao za omo niliwaambia wale ndugu wawili wakae waangalie. Nikawasha moto, nikapaka ubao mawese, nikaufunika kwa magunia mabichi, nikaanza kuukunja kwa kamba na mawe. Ukapasuka. Mninga safi, ukapasuka kama biskuti. Wa pili nao. Mdogo wa wale ndugu akauliza, "Mzee, ndivyo inavyofanywa?" Nikamwambia mbao za siku hizi ni mbovu. Nilidanganya. Nilikuwa nimesahau. Miaka yote ile ya boti kubwa, kazi ya omo niliifanya na mwenzangu mmoja wa Ilagala. Yeye ndiye aliyekuwa anaziandaa mbao, mimi nafika wakati wa kukunja, nikidhani naijua kazi nzima. Na yeye ameshakufa.

Nikapanda gari mpaka Ilagala kwa mjane wake. Nikampa pole za miaka mingi iliyopita, nikala, halafu nikauliza kwa aibu. Yule mama akaniangalia. "Wewe hujui?" akasema. "Alikuwa anazilaza mbao ziwani wiki nzima, na mawe juu. Mimi ndiye niliyekuwa nasukumwa kwenda kuangalia kama zimeibiwa. Na alikuwa hataki ubao uliokauka. Anataka uliopasuliwa juzi." Mimi nilikuwa nimezikausha miezi miwili, kama mbao za kawaida. Nikarudi, tukapasua nyingine, tukazilaza majini, zikakunjika kama ndizi.

Nilipomwambia hayo mjukuu, nikamuuliza hao watu wa roketi kama wameshawauliza wajane. Akadhani natania. Sikuwa natania hata kidogo. Yule mama hajawahi kushika nyundo, lakini kitu kilichopotea kilikuwa kwake.

Basi, boti ikaisha, ikawa ya kushushwa.

Kwetu boti kubwa haivutwi kwa kibarua. Unatoa habari, unapika, na mwenye masikio anakuja. Ukiwalipa watu, kila mmoja anavuta kiasi cha hela yake, na boti inapinda. Nilichagua Jumamosi, kwa kuangalia kalenda ya simu, ili hata walimu na watu wa ofisini wawepo. Mama mwenye boti akatuma mchele na samaki, migebuka ya ziwani. Tukatandika vigogo vya migomba njia nzima, maana mgomba unateleza vizuri kuliko gogo la mti.

Wakaja watu thelathini hivi, na nusu yao walikuwa wazee wenzangu waliofuata wali. Tukavuta tangu asubuhi. Boti ikatoka nyuma ya nyumba, ikafika kwenye barabara ya mtaa, ikakwama. Saa tisa mikono ilikuwa imeisha. Ikalala palepale barabarani, imeziba njia, bodaboda zikawa zinapita uani kwa jirani katikati ya kamba za nguo.

Mama mwenye boti alikuja kesho yake kutoka Kagunga. Akaizunguka mara moja. Akatazama watu waliokuwepo, akaniuliza, "Fundi, umeita watu wakati wa giza?"

Nikatoa simu kuangalia tena kalenda.

"Dagaa wanatoka vizuri mno hivi sasa. Wavuvi wa Kibirizi wote wamelala mchana huu. Katonga wamelala. Nani angekuja kukuvutia?"

Mtani wangu akasema, "Mtoto wa mvuvi wa dagaa, anahesabu siku kwa simu." Na kwa kweli hakuna pa kujificha hapo. Mtu anayeishi Ujiji maisha yake yote, akaitisha uvutaji bila kuangalia mwezi uko wapi. Ni kwa sababu nimeacha kwenda ziwani. Ukiacha jambo, hata macho yako yanaacha kulitazama.

"Nilete trekta kutoka Kidahwe?" akauliza mama.

Nikakataa. Nilimwambia trekta inavuta mahali pamoja, boti inajinyonga, lakini watu wanaishika pande zote na mwenye macho upande huu anamwambia wa upande ule. Hiyo ni kweli. Pia ni kweli kwamba sikutaka boti yangu ya mwisho ivutwe na trekta kama mkokoteni wa miwa.

"Basi utangoja mwezi ukue," akasema. "Na mbao zikiachana ni zako."

Tulingoja siku kama kumi. Tukaifunika boti kwa majani ya migomba na magunia, tukawa tunaimwagia maji asubuhi na jioni. Jua lilikuwa kali. Siku ya nne nikaona mwanya wa kwanza, wa kuingia ukucha. Siku hiyohiyo yule mkubwa wa wale ndugu akaja, akasimama bila kukaa.

"Mzee, bodaboda imefika. Wananihitaji."

"Subiri tuishushe."

"Nikishaisubiri hii, halafu?" Alisema kwa upole, ni mtu mpole. "Umesema mwenyewe tangu siku ya kwanza, hii ni ya mwisho. Kila mgeni akija unamwambia hii ni ya mwisho. Sasa sisi tunabaki kufanya nini na kukunja mbao?"

Nilikuwa nalisema neno lile kwa kujisifu, ili watu waione boti kwa heshima. Sikujua kwamba ndugu wawili wanalisikia kila siku wakiwa na nyundo mkononi. Nikafikiri habari alizonipa mjukuu, za wale walioambiwa safari zimekatishwa, rudini nyumbani. Nadhani walikwenda taratibu, mmoja mmoja, kila mtu na bodaboda yake. Huwezi kumlaumu mtu kwa hilo.

"Nipe mpaka mwezi ukue," nikamwambia. "Uione kwenye maji. Ukishaiona, fanya utakavyo."

Akakubali, lakini alikubali kama mtu anayemkubalia mgonjwa.

Boti kukaa barabarani kulikuwa na faida moja ambayo sikuipanga. Kila mtu alilazimika kuizunguka, na mtu akishazunguka kitu siku tano anaanza kuwa na maoni. Wauza mihogo wakasimama kuniuliza inakwenda wapi. Wanawake waliokuwa wanakwenda kuchota maji wakawa wanaimwagia ndoo bila kuombwa, wakisema ikipasuka haitaondoka na njia itazibwa milele. Mama mmoja akamuuliza mama mwenye boti, mbele yangu, "Dada, si ununue mbili za faiba, ulale usingizi?"

Mwenye boti alikuwa anakula muwa. Akatema, akasema, "Za faiba zinanifikisha Kongo. Nikifika kule nataka kuendelea."

"Kuendelea wapi?"

"Kusini. Sijafika. Mume wangu alikuwa ananisimulia tu." Akarudi kwenye muwa wake. Nilikuwa nimekaa na mama yule karibu mwaka mzima nikidhani boti anaitaka kwa hesabu za biashara tu.

Mwezi ulipokua, wavuvi wakabaki nchi kavu, na mimi nikatoa habari tena. Safari hii walikuja. Walikuja wa Kibirizi, wa Katonga, na gari moja la watu wa Ilagala pamoja na yule mjane, ambaye hakuvuta ila alikaa kwenye kiti mbele kabisa. Mjukuu wangu alikuja na walimu wenzake, akiwemo yule wa mashine zisizokula. Sikuhesabu watu. Wali uliisha, ukapikwa ugali, ukaisha.

Wito wa kuvuta aliuongoza mtani wangu, yule asiyeamini mwezi. Sauti yake bado ya unahodha. "Nyie wa Katonga mnavuta au mmeegemea? Mwalimu, hiyo ni kamba, siyo chaki, ishike." Yule mwalimu mwenzake na mjukuu akateleza kwenye mgomba akaangukia matako, na tangu hapo watu wakavuta vizuri zaidi, kwa raha. Boti ikaenda. Kabla ya adhuhuri omo yake ilikuwa imegusa maji, na kabla ya saa nane ilikuwa yote ndani.

Ikaanza kuvuja, kama inavyotakiwa. Boti mpya unaiacha inywe maji mpaka mbao zivimbe zenyewe, halafu unayachota. Lakini mianya ilikuwa mingi kuliko kawaida, na watu waliona inazama mpaka ikabaki kingo. Wale ndugu wawili walisimama maji ya kiunoni, mmoja kila upande wa omo, wameweka viganja kwenye zile mbao walizokunja.

Siku ya tatu tulichota. Tulichota mpaka jioni na asubuhi yake tukaja kutazama. Chini kulikuwa na maji ya kujaza sufuria, yametoka mahali pawili katikati, kwenye kazi yangu mwenyewe. Omo ilikuwa kavu. Mkubwa wa wale ndugu alipitisha kidole kwenye maungio yote ya omo, toka juu mpaka chini, akakitazama kidole, akamwonyesha mdogo wake. Kisha akaniuliza kama pamba imebaki, ili azibe ile mianya yangu miwili.

Mjukuu alinikuta pale ufukweni akataka jibu lake, maana Jumatatu ana kipindi. Nikamwambia, waambie wanafunzi kwamba mimi sijui roketi. Lakini hao watu wakifika safari hii, wawe wameshaanza kutengeneza chombo kinachofuata kabla cha kwanza hakijarudi, wakati mikono bado ina joto, na wasimwambie fundi yeyote kwamba hiki ni cha mwisho hata kama wanadhani ni cha mwisho. Akaandika kwenye simu. Akauliza kama kuna la ziada. Nikamwambia waangalie siku ya kuita watu.

Boti iliondoka wiki hiyo kwenda Kagunga kuchukua mzigo. Kabla haijaondoka, mama mwenye boti alipita nyuma ya nyumba kuniaga, akatukuta mimi na wale ndugu wawili tunaburuta mbao mbili za mninga kuelekea ziwani kwenda kuzilaza. Zilikuwa mbichi, zimepasuliwa juzi yake.

"Hizo za boti ya nani?" akauliza.

"Sijui bado," nikasema.

Akatutazama kidogo, akamtazama yule fundi mkubwa ambaye alikuwa amevaa koti jipya la bodaboda na ameshika mwisho wa ubao. Halafu akasema zile mbao alizozinunua yeye, zilizobaki kwangu baada ya boti yake, nisimrudishie, ziende kwenye hiyo boti.